Kihamba Nilichonunua Angani

Evarist mwanangu,

Najua barua huanza na mimi huku mzima, sijui wewe huko. Lakini mimi huku ni jikoni, na wewe huko ni Moshi mjini, umeshuka kuchukua tiketi ya basi la Tabora, na kabla giza halijaingia utakuwa umerudi unauliza mtori uko wapi. Asubuhi umeniamkia shikamoo nikaitikia marahaba. Basi hiyo ya afya tumeshaimaliza.

Naandika nyuma ya daftari lako la hesabu la sekondari. Lina kurasa nyingi nyeupe kwa mtu aliyekuwa anaaga kila jioni kwamba anakwenda kujisomea. Mwandiko wangu usiucheke. Mimi niliishia darasa la pili, na si kwa ujinga. Mwalimu aliona hana tena cha kuniongezea, akaona aibu, akaniachia nikakate majani ya ng'ombe.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango, kukaa mbali na watu wa hovyo, sitakuandikia. Una miaka ishirini na tatu. Kama hukuyashika nilipokuwa nakupigia kelele kutwa, hutayashika kwa karatasi. Na sweta uliache hapa, wanasema Tabora hata kuku hutafuta kivuli.

Nakuandikia kwa sababu moja. Kuna jambo la kweli nataka nikuambie, na wewe unanijua, kweli ikipita mdomoni kwangu hutoka imenenepa. Nikiona mtu anacheka naongeza. Nikiona anashangaa naongeza tena. Ndivyo nilivyowaambia watu wa kilabuni kwamba mbege yangu iliumuka mpaka kuku waliolala karibu na pipa wakaamka wamelewa, na jogoo akawika saa tano ya usiku kudai aletewe alfajiri yake. Kuku alikuwa mmoja, na alikuwa mgonjwa. Kwenye karatasi hakuna wa kunichekea, kwa hiyo labda nitafika mwisho bila kuongeza kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Ile video ya baba yako, uliyoniomba wiki iliyopita nikuwekee kwenye flashi, haipo. Niliifuta mimi, kwa kidole changu. Haiko kwenye simu, haiko kwenye wingu, haiko kwa mtu yeyote. Uliposema, "Mama, usisahau ile ya baba," nilikujibu, "Iko, inakungoja." Nilikuwa nakukaangia ndizi, na sikuunguza hata moja.

Hapo katikati ya daftari nimekuwekea jani la isale. Nimelikata mpakani leo. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua mtu akikuletea isale kukuomba msamaha huwezi kumkatalia, hata kama ameua ng'ombe wako. Ndiyo maana nimelitanguliza kabla hujasikia yote. Mimi si mjinga.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Mwaka jana, madaktari walipomwambia baba yako arudi nyumbani apumzike, wewe ulikuwa Singida chuoni unasomea umeme. Na wewe ndiye kitinda mimba. Kwetu kaka wakubwa hupewa vyao wakaondoka, kitinda mimba ndiye anayerithi kihamba chenyewe, na nyumba, na migomba, na makaburi, na mama mwenye mdomo. Na baba ndiye humtembeza mpakani, isale kwa isale, amwonyeshe panapoanzia na panapoishia. Baba yako aliona siku hazitatosha kukungoja. Akaniambia nichukue simu nimfuate nyuma. Tukazunguka kihamba chote, yeye na fimbo, mimi na simu, anatembea anasema, anatembea anasema. Tulipomaliza akanikataza kukutumia.

"Akiiona sasa atajua nakufa, ataacha mtihani," akasema. "Mpe siku atakapoondoka kwenda kujitegemea."

Tulipokwisha kumzika nilikuambia ipo, na kwamba utapewa siku hiyo. Siku yenyewe ni kesho.

Mimi sikuwa na wasiwasi nayo kabisa. Krismasi iliyokuwa imetangulia, Glory, yule binti wa mdogo wangu wa Dar, alikuwa amepanda kula nyama na sisi, na alipoona simu yangu ya kupangusa akanifungulia akaunti. Akanieleza kwamba kila nitakachopiga kitapanda chenyewe juu kwenye wingu, hata simu ikitumbukia chooni hakuna kitakachopotea. Yeye alieleza kwa Kiswahili chake cha Dar. Mimi nilielewa kwa Kichagga changu. Nilielewa kwamba nimepewa kihamba angani.

Na kihamba, mwanangu, hakiuzwi na hakipunguzwi. Mwenye akili hukiongeza. Hapo ndipo nilipopotea, na kwa siku nyingi sikujua kwamba nimepotea. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Pale kilabuni niliwatangazia. Nikawaambia nyie mna migomba ya duniani, mimi nina shamba ambalo panya hafiki. Mzee Felisi, mteja wangu wa tangu wewe hujazaliwa, akaniuliza kama huko juu kuna mfongo wa kumwagilia au tunangoja mvua itushukie kutoka juu zaidi. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wao, kisha nikampunguzia kipimo kwenye kata yake.

Nisichokijua ni kwamba Glory, kwa ule wepesi wake, aliiingiza akaunti hiyohiyo kwenye simu ya mama yake na kwenye simu za kaka zake wawili. Alisema ni ili picha za familia zikae pamoja. Niliona ni heshima. Mimi, mama wa darasa la pili, ndiye niliyekuwa natunza familia nzima. Kumbe wote walikuwa wanalala kwenye kitanda changu, na viatu.

Baba yako akafa kabla ya Pasaka. Unakumbuka msiba ule ulivyokuwa. Kila mwenye simu alikuwa ameinyanyua. Walipiga video kaburi likichimbwa, walipiga masufuria, walipiga mahubiri ya padre watu watano kwa pamoja, mahubiri yaleyale, na mmoja wao muda wote alikuwa amepiga kisogo cha mwenzake. Yote yakaja kwangu. Halafu likaja grupu la familia. Kila asubuhi maua na "amka na baraka", mtu mmoja anatuma, tisa wanarudisha, na simu inameza yote yenyewe bila kuniuliza.

Ile nafasi ya bure ikajaa. Ikaja meseji. Nikampigia Glory, akasema, mama mkubwa, ongeza kifurushi, ni hela ya soda. Kweli ilikuwa ya soda. Nikalipa. Baada ya miezi ikajaa tena, nikapanda kifurushi cha juu yake. Hicho hakikuwa cha soda, kilikuwa cha kreti. Kila mwezi debe zima la mbege likawa linapanda mbinguni. Nikaongeza bei ya kata. Mzee Felisi akauliza kama sasa tunalipia pombe au tunalipia mvua. Nikamwambia na picha yake iko huko juu, inatunzwa. Akataka kujua amekaaje kwenye hiyo picha. Nikamwambia amekaa kwa kuegemea.

Sikuwahi hata siku moja kuuliza ni nini kinachojaza. Mtu ghala likijaa huchungulia ndani kabla hajajenga jingine. Mimi nilijenga tu.

Na sababu naijua, ingawa wakati ule sikuijua. Tangu tumzike baba yako mimi sisikii sawasawa. Si masikio. Umeshawahi kung'olewa jino? Ile sindano wanayokuchoma kwanza, unagusa shavu lako unaona kama unagusa la mtu mwingine. Hivyo. Watu wanadhani nimeshapoa kwa sababu nachekesha. Kuchekesha kunakwenda kwenyewe, kama mguu wa kuku aliyekwisha kuchinjwa. Ile video sikuifungua hata mara moja. Nilijua iko juu. Nikijua iko juu, naweza kupika.

Likaja masika ya mwaka huu. Mchana mmoja mvua inamwagika, kilabu kimejaa, na meseji ikaingia tena kwamba nafasi inakaribia kuisha. Mzee Felisi akaniona nimekunja uso, akauliza kama kihamba cha angani kimejaa tena, nimuuzie kipande. Nikaona aibu. Nikasema leo nitawaonyesha mkulima anavyosafisha shamba.

Simu yenyewe ilikuwa inanishauri niangalie vitu vikubwa. Nikabonyeza. Ikavipanga, kizito juu, chepesi chini. Cha kwanza kabisa kilikuwa kipicha cheusi. Hakina jina, kina tarakimu tu. Nilipoanza kumrekodi baba yako upindo wa kanga ulikuwa umeziba jicho la simu, ndiyo maana mwanzo ukawa mweusi, na kile kipicha kidogo kinachoonekana nje kikawa cheusi vilevile. Sikukumbuka. Nikakinyanyua watu wakione. Nikasema hili ni giza tupu, na linakula kuliko vyote humu.

Na mkungu mzito ndio unaokatwa kwanza, hilo halihitaji shule. Nikafuta. Simu ikauliza kama nina hakika, nikabonyeza kwamba nina hakika. Watu wakapiga makofi. Mzee Felisi akanunua kata ya pili kwa heshima yangu.

Ndivyo nilivyomtoa baba yako. Kwenye makofi.

Zikapita wiki. Wewe ukanipigia ukaniambia umepata kazi Tabora, ya kufunga umeme wa jua. Nilifurahi kwa mdomo. Ulipokata simu nikaikumbuka ile video, nikaitafuta. Nikarudi mwezi ule tuliopiga, nikakuta migomba, nikakuta ng'ombe, nikakuta mkono wangu. Yeye hayupo. Hapo ndipo nikaunganisha na kile kipicha cheusi.

Sikupiga yowe. Nilijiambia, nilichofuta ni cha kwenye simu, cha kwenye wingu kipo. Mimi niliona simu ni nyumba na wingu ni ghala, ukifagia nyumba ghala linabaki na vitu vyake. Kumbe kwa hizi picha si hivyo. Ni kibuyu kimoja chenye midomo miwili. Ukimimina kwa mdomo huu, na kwa mdomo ule hakuna kitu.

Lakini sikujua, na sikuuliza. Nilifikiri wingu linagoma kunirudishia kwa sababu mimi ni mlipaji mdogo. Basi nikanunua kifurushi kikubwa kuliko vyote. Nilikilipia kama mtu anavyotoa sadaka ya misa ya marehemu, kisha nikakaa nikangoja video ishuke. Kesho yake nikatazama. Keshokutwa nikatazama. Nikangoja wiki na wiki. Glory alinipigia katikati ya kungoja huko, akauliza simu inaendeleaje. Nikamwambia inakimbia kama pikipiki ya polisi. Ningeanzaje kumuuliza? Mimi ambaye huku kwetu Kilema wote wanajua nina kihamba angani?

Siku niliyokuambia nakwenda mjini kununua ulezi wa mbege, sikwenda kununua ulezi. Nilikwenda nyuma ya soko, kwa dada mmoja anayetengeneza simu. Alikuwa mjamzito, anatafuna karanga. Akaniamkia vizuri. Mimi nikaanza na hadithi. Nikamwambia simu ni ya jirani yangu, mama mmoja mshamba hivi, amefuta kitu bila kujua, mimi nimeona nimsaidie. Yule dada akasikiliza yote, akafuta mikono, akaishika simu. Juu ya kioo ilikuwa picha yangu nimevaa kofia ya Pasaka. Akaniuliza tu huyo jirani alifuta lini. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, na alipofika mwisho akahesabu tena.

"Mama, ukifuta kitu hakiondoki palepale," akasema. "Kinakaa kwenye kapu siku zake. Angeingia kwenye kapu akabonyeza kurudisha, kingerudi. Bure."

Nikamuuliza, na ile siku jirani aliponunua kifurushi kikubwa?

"Kilikuwa bado kimo kwenye kapu."

"Na sasa?"

"Sasa kapu limeshajimwaga, mama. Wiki iliyopita." Akaniangalia. "Kilikuwa ni nini?"

Nikamwambia, "Giza tupu."

Hakuniuliza tena. Akavuta kigoda nikae, akaanza kunifungulia ghala nilione. Nilikaa pale muda ambao mtu anamenya mikungu mitatu. Kwanza akazitoa zile simu nyingine zote kwenye akaunti, kila mtu akalale kwake. Akafunga ule mlango ambao grupu lilikuwa linapitishia maua. Yale mahubiri ya padre akayapanga yote matano, nikachagua moja, na lile la kisogo likaenda. Kisha akanionyesha kilichokuwa kinakula zaidi. Mtoto mmoja wa mdogo wangu alikuwa anafuga mbuzi wa biashara, na kila mbuzi alikuwa amepigwa video, mbele, nyuma, anakula, anasimama. Mbuzi hao nimewalipia mimi mwaka mzima. Baba yako nilimtoa kuwapisha mbuzi.

Tulipomaliza, vyote vilivyobaki, vya kweli vya kwangu, viliingia kwenye kale kakifurushi ka soda na nafasi ikabaki. Na picha zako za kipaimara zimo, na za harusi ya kaka yako Deo zimo, na picha nne za baba yako amesimama zimo. Zile za thamani yule dada akanipa kwenye flashi mbili. Moja nimeificha kwenye kopo la chumvi, nyingine nimekufungia kwenye begi lako, mfuko wa pembeni. Kila kitu alikiandika jina. Alisema kitu kikikosa jina, hata mwenyewe atakifuta. Aliniambia hilo bila ubaya. Malipo yake alikataa, nikamwachia ndizi.

Nikatoka pale nikanunua kiberiti. Nikapanda gari nikarudi. Nikapika, nikala, nikalala. Ulikuwepo siku ile, ukanisifu ndizi za kiburu zilivyokuwa tamu. Nilikuwa nangoja uchungu unishike, kama mtu anayengoja gari barabarani. Mpaka leo naangalia njia.

Wewe ni fundi umeme, utasema hayo ya makapu na vifurushi unayajua. Najua unayajua. Hata hivyo kazini utakutana na kitu kitakachokuambia kimejaa, na pembeni yake kutakuwa na kitufe cha kulipa ili kinyamaze. Mimi nilikibonyeza kile kitufe mara tatu. Sikuwa nalipia nafasi, Evarist. Nilikuwa nalipa nisitazame ndani. Kwa sababu ningetazama, ningepekua kimoja kimoja, huyu mbuzi, haya maua, hiki kisogo, na ningefika kwenye lile jeusi ningelifungua kujua ni nini, na ningesikia sauti yake. Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia, na kukimbia kulikuwa na bei ya kila mwezi. Kutazama kungekuwa bure. Kuuliza pia kungekuwa bure. Ila kuuliza kulinitaka niwe mtu asiyejua, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa huyo mtu hadharani.

Sasa kilichobaki cha ile video kiko kwangu mimi peke yangu, na mimi ndiye flashi mbovu kuliko zote hapa Kilema. Kesho basi lako ni la alfajiri, hatutapata muda wa kuzunguka mpakani. Kwa hiyo nakuandikia alichosema, kama ninavyokumbuka. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Sitaongeza chumvi. Imeniwia vigumu kuliko kuzaa.

Alianzia juu, kwenye mfongo. Alisimama kwenye ukingo wa ule mfereji akasema maji ni ya zamu, yetu ni Jumanne na Ijumaa, na jua liwake vipi usifungulie ya jirani. Akashuka upande wa kaburi la babu yako. Akagusa isale la kwanza kwa fimbo, akasema hili alilipanda baba. La pili akasema lile la zamani lilikauka, hili amelipanda yeye mwaka aliozaliwa Deo. La tatu alisema kitu. Sikumbuki. Alicheka kidogo, kwa hiyo labda kilikuwa cha kuchekesha, lakini sikumbuki.

Kwenye kahawa alisimama muda mrefu. Akasema hii mibuni ya mstari wa chini imezeeka, usiione huruma, ikate, itachipua. Akasema usiing'oe yote kupanda parachichi hata watu wakikusifia bei. Kisha akakohoa, tukangoja.

Tukashuka mpaka mwisho kabisa. Hapo alisema hivi, na haya nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu yalinihusu: "Mama yako atakuambia kihamba chetu kinafika barabarani. Hakifiki. Kinaishia hapa kwenye mparachichi. Kutoka hapa kwenda barabarani ni pa mjane wa Filbert, sisi tuliazimwa kulima magimbi. Siku akipataka, mpe, usibishane naye."

Simu ilitikisika kwa sababu nilicheka. Miaka yote nimekuambia kinafika barabarani. Nimewaambia na kaka zako, na wateja, na nilimwambia hata afisa mmoja aliyekuja na karatasi. Nilipojua video imepotea, jambo la pili nililolifikiria ni hilo, kwamba sasa hakuna tena ushahidi, naweza kuendelea kusema kinafika. Nilikaa na wazo hilo siku nzima, nikamenya ndizi nalo, nikakamua ng'ombe nalo. Hakifiki barabarani, mwanangu. Kinaishia kwenye mparachichi.

Kisha akakaa kwenye jiwe lililo pale chini. Alikuwa amechoka. Akakugeukia, maana yake akaigeukia simu, akakutaja jina. Akasema maneno mengine, marefu kidogo, kwa sauti ya chini. Hayo yalikuwa yako peke yako, hayakuwa ya mpaka wala ya kahawa.

Sikuyasikia. Pale juu ya kioo ilikuwa imetokea meseji kwamba nafasi inakaribia kujaa. Nikawa naisoma, herufi kwa herufi, unajua ninavyosoma. Sikujali kutomsikiliza, kwa sababu nilijua yanaingia na nitayasikiliza siku nyingine. Nilipomaliza kusoma, na yeye alikuwa amemaliza.

Akaniuliza, "Imeingia?"

Nikamwambia, "Imeingia yote."

Mama yako,
Apolonia